Kipimo cha moyo cha mashine ya kutembea: jiandae hivi kabla hujapanda

"Nesi, eti ile mashine ukichoka inakutupa?"

Swali hili nimeulizwa kwenye foleni ya kliniki, nimeulizwa sokoni Mgandini nikichagua nyanya, na juzi nimeulizwa kwenye harusi, sahani ya pilau mkononi. Yanayofuata huwa ni yale yale. Nile au nisile? Dawa ya presha nimeze? Baibui nivue? Nisipomaliza nimefeli? Nimeamua kuyaandika mara moja, atakayeniuliza tena nimwonyeshe hapa.

Kilichonisukuma zaidi ni mjomba wangu, fundi baiskeli wa hapa Ngamiani, Tanga, umri miaka 62. Hospitali moja ilimpa tarehe ya kipimo bila kumweleza lolote. Akasafiri hadi Dar, akafika na vikombe vitatu vya kahawa tumboni na makobazi miguuni. Akarudishwa. Kilomita 350 kwenda, 350 kurudi, na nauli ya mtu wa kumsindikiza juu.

Kipimo chenyewe ni nini

Moyo una mishipa yake inayoilisha nyama ya moyo. Mshipa ukianza kuziba, ukiwa umekaa barazani damu inayopita inatosha. Ukipanda ngazi au ukibeba gunia haitoshi tena, kifua kinabana. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya kulala kitandani inampima mtu aliyetulia, kwa hiyo inaweza kutoka safi kabisa na ugonjwa upo. Ndiyo sababu unatembezwa kwenye mkanda unaozunguka, waya zikiwa kifuani, ili moyo uonekane ukiwa kazini. Daktari akikuambia "ECG yako nzuri, lakini nenda kapime na mashine," usidhani anatafuta hela.

Hatari ipo lakini ni ndogo: kinachotajwa katika fani ni kifo 1 hivi katika vipimo 10,000, na hata hivyo hufanyika mbele ya watu waliofunzwa, mashine ya kushtua moyo ikiwa karibu. Wapo wasiotakiwa kupanda: mwenye maumivu ya kifua yanayokuja hata akiwa amekaa, aliyepata mshtuko wa moyo siku moja au mbili zilizopita, mwenye valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyobana sana na inayompa dalili, mwenye moyo uliochoka kiasi cha kuvimba miguu na kushindwa kulala chali, mwenye homa. Na kama kifua kinakubana sasa hivi unaposoma hapa, jasho la baridi linakutoka, weka simu chini uende hospitali ya karibu. Usisubiri tarehe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya rufaa, kidaftari cha kliniki, na ECG za zamani kama unazo. Kadi ya bima pia, lakini uliza mapema kama inalipia kipimo hiki na kama inahitaji kibali kwanza. Ukilijua hilo dirishani, umechelewa.
- Dawa zako zote ndani ya maboksi yake. "Kile kidonge cheupe cha duara" hakimsaidii daktari.
- Raba zilizokwisha kukaa mguuni. Raba mpya iliyonunuliwa jana itakuchubua, na utashuka kwa sababu ya kisigino badala ya moyo.
- Suruali pana au trakisuti, na blauzi au shati la kufungua mbele.
- Kwa mwenye pumu, pampu yake. Kwa mwenye dawa ya kuweka chini ya ulimi, awe nayo mfukoni.
- Taulo ndogo, chupa ya maji, na mtu wa kukusindikiza.

Hatua kwa hatua

1. Siku kadhaa kabla, peleka dawa zako kwa daktari aliyekuandikia kipimo.

Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Zipo dawa za presha na moyo ambazo kazi yake ni kupunguza kasi ya mapigo. Angalia boksi: atenolol, bisoprolol, carvedilol, metoprolol, propranolol. Ukizimeza, mapigo hayapandi inavyotakiwa na kipimo kinaweza kutoa jibu lisilo ndiyo wala hapana. Kwa hiyo daktari mwingine atakwambia uziache siku moja au mbili kabla. Mwingine atakwambia uendelee nazo, kwa sababu anataka kujua kama zinakulinda. Zote mbili ni sahihi, inategemea anatafuta nini.

Onyo: usiziache kwa sababu jirani aliacha, wala kwa sababu umesoma hapa. Kuziacha ghafla bila usimamizi kunaweza kupandisha presha na kuleta maumivu ya kifua yenyewe.

Wenye sukari waulize swali lao peke yake: nikipunguza chakula, sindano ya insulini au vidonge nifanyeje? Mtu aliyechoma dozi nzima na hajala, halafu akapandishwa mashine, sukari inashuka, miguu inalegea, na kila mtu anafikiri ni moyo.

2. Panga safari ili ulale kwanza.

Wengi ninaozungumza nao hapa Tanga huandikiwa kwenda Dar, mara nyingi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ule msemo wetu wa "waja leo, waondoka leo" waachie wageni. Ukitoka stendi ya Kange alfajiri, ukapita Segera, ukashuka Mbezi, ukagombania daladala, unafika umevimba miguu, hukulala, na umekula mayai ya kuchemsha ya dirishani. Moyo huo umeshapimwa na barabara. Nenda siku moja kabla, lala kwa ndugu, na uwaambie mapema kwamba usiku huo hutaki karamu.

Mwezi wa Ramadhani, kama daktari hasemi ni haraka, omba tarehe ya baada ya Idi. Kutembea mlimani na kiu ya saa nane mchana si kipimo kizuri.

3. Saa 24 kabla, acha kahawa.

Najua ninaongea na watu gani. Kahawa ya baraza, chai ya rangi, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu, chokoleti: vyote vina kafeini. Vituo vingine hudai saa 12, vingine 24. Ukishika 24 hakuna atakayekurudisha. Dawa fulani za maumivu ya kichwa zina kafeini pia, soma boksi. Kichwa kikigonga jioni kwa kukosa kahawa, vumilia, kesho utakunywa.

Sigara usivute siku ya kipimo. Mirungi usiiguse, kwani inapandisha mapigo na presha kabla hujakanyaga mashine. Kazi nzito nazo zisubiri.

4. Asubuhi yenyewe: kula kidogo, oga, usijipake chochote kifuani.

Kula saa mbili hadi tatu kabla, chakula chepesi: kipande cha mkate, ndizi, uji mwepesi. Supu na chapati nne, hapana. Njaa kabisa nayo haifai, isipokuwa umeagizwa.

Onyo ambalo wengi huliona dogo: mafuta. Tumezoea kuoga na kujipaka mafuta ya nazi hadi tung'ae. Stika za ECG, zile zinazoshika waya kifuani, hazishiki juu ya mafuta. Ukianza kutoka jasho zinateleza, mstari kwenye kioo unayumba kama jahazi, na fundi wa mashine hawezi kutofautisha moyo wako na stika inayodondoka. Kifua, mabega na tumbo viwe vikavu. Uso na mikono jipake upendavyo.

5. Ukiingia, jibu maswali kwa ukweli.

Utaulizwa ugonjwa, dawa, umekula nini, umeumwa lini mara ya mwisho, kisha utasaini fomu ya kukubali. Usisaini usichokielewa, omba usomewe.

Kina baba, hili ni lenu. Kama umemeza dawa ya nguvu za kiume, sema. Sema pia kama ni ya "mitishamba", maana nyingine ndani yake mna vidonge vya dukani. Ukipata maumivu ya kifua unaweza kupewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, na hiyo ikikutana na sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, presha inaweza kuporomoka vibaya. Kama mke yuko pembeni, omba atoke kidogo. Nesi hatashangaa, tumeshasikia zaidi ya hayo.

6. Kubandikwa stika.

Kwa kawaida ni kumi, kifuani na kiwiliwilini. Mwenye manyoya kifuani atanyolewa sehemu zile, na ngozi itasuguliwa kidogo. Haiumi, inakuna.

Kina mama, mna haki ya kuomba fundi wa kike au nesi wa kike awepo, na pazia livutwe. Omba siku ya kuchukua tarehe, maana asubuhi ile anaweza kuwa hayupo zamu. Baibui utalivua kwa sababu linaweza kunasa kwenye mkanda. Mtandio unaweza kubaki ukifungwa vizuri, ncha zikiwa zimechomekwa. Sidiria isiwe na waya. Utavaa blauzi yako juu ya stika.

Kisha mkono unafungwa mpira wa presha, unapimwa ukiwa umelala na ukiwa umesimama. Kama presha kabla ya kupanda imepita 200 kwa 110, kwa kawaida hupandishwi siku hiyo.

7. Panda, na tembea kama unavyotembea.

Mkanda unaanza taratibu. Mpangilio unaotumika sana unaitwa Bruce, kwa jina la daktari wa Seattle, Marekani, Robert Bruce, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1963. Kila dakika 3 mashine inaongeza mwendo na mwinuko. Dakika 3 za kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, lakini mwinuko ni asilimia 10: kila mita 10 unapanda mita 1. Kisha kilomita 4 kwa asilimia 12. Kisha 5.5 kwa asilimia 14, na hapo wengi wa makamo ndipo tunapohema.

Mji wetu ni tambarare. Mjomba anaendesha baiskeli hadi Pongwe na kurudi, akaapa mashine haimwezi. Hakufikiria kwamba hii si barabara ya Pongwe, hii ni ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, na unapanda kwa miguu. Mgonjwa dhaifu anaweza kuanzishiwa mpangilio mwepesi zaidi wenye kuanza bila mwinuko, kwa hiyo kama unajijua huna nguvu, sema kabla.

Namna ya kutembea: hatua ndefu za kawaida, macho mbele, usitazame miguu. Kaa karibu na mbele ya mkanda. Vidole viguse chuma kwa wepesi ili usiyumbe. Onyo: usikining'inie. Ukiegemeza mwili mikononi, mikono ndiyo inayobeba mzigo, moyo unapumzika, na dakika zako zinaonekana nyingi kuliko uwezo wako halisi.

Na hapana, haikutupi. Kuna kitufe cha kusimamisha, na kuna mtu amesimama nacho.

8. Sema.

Lengo linalotajwa mara nyingi ni kufikisha asilimia 85 ya mapigo ya juu ya umri wako. Chukua 220, toa umri. Mjomba: 220 kutoa 62 ni 158, na asilimia 85 yake ni 134. Atakayeona namba hiyo kwenye kioo asiishike kama alama ya kufaulu. Hapa hakuna kufaulu.

Mjomba aliporudi mara ya pili, raba miguuni na bila kahawa, kifua kilianza kumbana dakika ya 5. Akanyamaza. Kijana wa mashine alikuwa akimwambia "vizuri, mzee, vizuri," naye akaona haya kumwangusha. Jasho linamtiririka hadi kwenye nyusi, mkono wa kushoto ameukunja kama mtu aliyebeba kuku, na akiulizwa anajibu "safi tu." Dakika ya 7 mstari wa ECG ukabadilika, daktari akasimamisha. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilikuja kupimwa, sikuja kulalamika."

Kulalamika ndiko kupimwa kwenyewe. Dakika ambayo maumivu yanaanza ni jibu kubwa kama mstari wa kwenye karatasi. Sema mara moja ukihisi kifua kubana, kuwaka au kulemewa, maumivu yakienda taya, shingo, bega au mkono, pumzi ikikatika kuliko uchovu wa kawaida, kizunguzungu, macho kuona giza, mapigo kurukaruka, au nyonga na mashavu ya miguu kuuma. Sema pia ni kiasi gani, na kama ndiyo maumivu yale yale yaliyokuleta. Ukitaka kusimama, sema "nasimama." Hawatakubishia, ila wakikuomba sekunde chache za kupunguza mwendo, wape.

Daktari naye anaweza kusimamisha wewe ukiwa bado una nguvu: presha ikishuka wakati unapanda, ikipaa kupita kiasi, au ECG ikionyesha jambo. Usikasirike.

9. Kushuka.

Usiruke. Damu nyingi iko miguuni, ukisimama ghafla unaweza kuzirai pale pale. Fuata mwendo wa kupoa kama upo, kisha kaa au lala wanavyokuelekeza. Waya hazitolewi bado. Mabadiliko mengine hujitokeza wakati wa kupumzika, kwa hiyo wataendelea kupima dakika 5 hadi 10 au zaidi. Usianze kupiga simu nyumbani kwamba umemaliza.

Maji kunywa. Kuoga maji ya moto kwaweza kungoja saa moja au mbili. Kutembea mashineni ni dakika 6 hadi 12 hivi, lakini tenga saa moja nzima kwa shughuli yote, na siku nzima kwa foleni.

10. Kusoma majibu.

Majibu huja kwa namna tatu. "Hasi": moyo ulifanya kazi vya kutosha na dalili ya kukosa damu haikuonekana. "Chanya": dalili imeonekana. Na la tatu ambalo watu hawaelezwi: kipimo hakikutosha kujibu, kwa mfano mapigo hayakufika.

Neno "chanya" limewahi kumtoa mama mmoja machozi mbele yangu, akidhani amepimwa ukimwi kwa siri. Hapa halina uhusiano wowote na virusi.

Wala jibu si hukumu. Katika watu 10 wenye mishipa iliyobana, mashine hii peke yake huwanasa 6 au 7. Na huweza kumshuku asiye na ugonjwa, zaidi kwa wanawake. Kwa hiyo chanya mara nyingi hufuatiwa na kipimo kingine: eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) ukiwa mazoezini, picha za CT (eksirei ya kompyuta) za mishipa, au kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono au wa paja kuangalia moja kwa moja.

Mambo yakienda kombo

*Goti au nyonga haliruhusu kutembea.* Sema siku ya kuandikiwa. Vituo vingine vina baiskeli ya kupimia, na sisi wa Tanga tunaielewa kuliko mkanda. Ikishindikana nayo, kuna dawa ya mshipa inayoushughulisha moyo ukiwa umelala.

*Nimerudishwa kwa presha.* Usimeze dozi mbili ili urudi mchana. Omba tarehe mpya na umwone daktari wa presha kwanza.

*Mapigo hayakufika.* Waulize sababu waiandike: dawa, miguu, au pumzi? Daktari wako ataamua urudie au ubadilishiwe kipimo.

*Majibu hasi, lakini kifua bado kinabana.* Rudi. Karatasi haibishani na mwili wako. Na kikibana umepumzika, au kisipoachia, nenda idara ya dharura hata kama majibu safi yako mfukoni.

*Ngozi inawasha palipobandikwa stika.* Osha kwa maji na sabuni. Wekundu hupotea siku moja mbili. Malengelenge yakitokea, mwonyeshe nesi, na mara nyingine utaje kabla ya kubandikwa.

*Nasikia kizunguzungu njiani kurudi.* Kaa, kunywa maji, kula kitu. Mwenye sukari apime. Kikiendelea, au kifua kikishika, mwambie kondakta asimamishe panapo hospitali. Usione haya ya abiria.

*Karatasi imepotea.* Kituo kinapaswa kuwa na kumbukumbu, lakini kuifuata ni safari nyingine, kwa hiyo piga picha kila ukurasa kabla hujatoka getini, na mwenye kukusindikiza apige pia. Mjomba, ambaye baadaye aliwekewa kijimrija cha kutanua mshipa, ya kwake anaiweka kwenye kopo la viraka na solusheni. Imeingia grisi pembeni, lakini dakika ya 7 bado inasomeka.